Kitambaa cha Meza ya Hakimu

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Iringa kwenda Mbeya kwa ubatizo wa kitukuu changu. Nikafika mapema kuliko walionialika walivyotarajia, nikasema ngoja nizunguke mjini kidogo na miguu yangu hii mibovu. Nilikuwa natafuta jengo moja tu, na nikalikuta, ingawa bati limebadilishwa na sehemu ya baraza imezibwa kwa matofali. Siku hizi wanauza chipsi na vocha za simu. Lakini juu ya mlango, chini ya rangi zilizopakwa moja juu ya nyingine, yale matundu manne ya skrubu bado yapo. Nikasimama nikayatazama mpaka dada anayekaanga chipsi akaingiwa na wasiwasi.

"Bibi, unatafuta nini huko juu?"

"Natafuta kibao."

Akatoka, akainua macho, akasema, "Mbona hakuna kibao hapo, bibi?"

"Ndiyo maana nacheka," nikamwambia. Akanipa kiti, nadhani kwa kunihurumia, na chipsi za bure. Nilizila zote.

Sasa na wewe vuta kiti nikusimulie, maana yule dada alikuwa na wateja na sikupata nafasi ya kumaliza.

Mbeya ya utoto wangu ilikuwa ya baridi. Usiniambie habari za baridi ya siku hizi. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukaingia hadi jikoni, tukawa tunaonana kwa kuitana. Mama alikuwa anachemsha maziwa, mimi nachambua maharage huku nimekalia mikono yangu kwa zamu ili ipate moto, na baba, aliyekuwa fundi seremala, keshaanza kupiga randa uani. Harufu ya maranda mabichi ikichanganyika na moshi wa mikaratusi, hiyo kwangu ndiyo harufu ya nyumbani. Hata leo nikipita penye karakana ya mbao lazima nipunguze mwendo.

Siku tamu kuliko zote ilikuwa siku ya basi la Tukuyu. Babu yangu mzaa baba alikuwa akituma mkungu wa ndizi za kupika, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichozibwa kwa majani, anamkabidhi dereva. Tukisikia honi kwenye kona, mama alifunga kanga yake, akanishika mkono, tukateremka kwenda kuupokea mzigo. Mama alikuwa mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kucheka. Alikuwa amesoma darasa la nne kwa wamisheni, jambo ambalo wanawake wengi wa mtaani kwetu hawakulipata, na barua za mtaa mzima zilisomewa kwenye jiko letu.

Mwaka huo alikuwa na furaha ya pekee. Hospitali ya misheni ilikuwa imekubali kumchukua kwa mafunzo ya ukunga, yaanze mwezi wa kwanza. Alikuwa ameshona mfuko wa kuwekea daftari zake miezi sita kabla ya wakati. Kilichobaki ni ukoo. Baba alisema hawezi kumruhusu mke kwenda kusoma bila neno la babu, na neno la babu lilikuwa halijafika.

Hapa inabidi nikueleze jambo moja la kwetu Wanyakyusa, la sivyo hutaelewa kitu. Mke na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi hawasalimiani kwa karibu, nasema hawaonani kabisa. Mke akimwona baba mkwe anakuja, anaacha njia, anaingia migombani, anajifunika, anageuza uso mpaka mzee apite. Mama alikuwa ameolewa miaka kumi na hakuwahi kuuona uso wa babu. Alikijua kikohozi chake. Aliijua kofia yake nyeusi na mgongo wake, na alijua kwamba kwenye gari anashuka kinyumenyume, polepole, kama mtu anayeshuka darini. Babu naye alikijua chakula cha mama na kicheko chake cha nyuma ya nyumba. Wakipelekeana salamu zilipitia kwangu, na kwa kazi hiyo nilijiona mtu mkubwa sana.

Basi siku hiyo gari likasimama, vumbi likatulia, tukasogea. Mlango wa nyuma ukafunguka. Ukatokea mkungu wa ndizi, kikafuata kibuyu, halafu kikatokea kisigino, kikifuatiwa na mgongo na kofia nyeusi, vikishuka kinyumenyume.

Mkono wa mama ukaniponyoka.

Uwanja ule ulikuwa mweupe, hakuna hata mgomba wa kujificha. Kulikuwa na jengo moja tu lenye milango miwili. Huku kulikuwa na dirisha la tiketi, ambako sisi tulisimama juani au kwenye mvua, na kule kulikuwa na chumba cha kusubiria, chenye viti vya mito, meko ya moto na kibao juu ya mlango: Wazungu Tu. Nilimwona mama akigeuka huku na huku mara moja, akainua macho akakisoma kile kibao, kisha akajitosa ndani na kanga kichwani.

Babu akamaliza kushuka. Akaniona. "Aa, mchumba wangu!" akasema, maana ndivyo alivyozoea kunitania. "Umekuja peke yako? Mama yako hajambo?"

"Hajambo, tata," nikasema, kama sote tulivyomwita babu. "Amekwenda hapo."

Kabla hajauliza hapo ni wapi, tukasikia sauti ya mama wa Kizungu. Sikujua Kiingereza, lakini ukali hauhitaji mkalimani. Karani wa tiketi akakimbia kuangalia, akarudi mbio, akaita askari.

Askari alikuwa Mhehe wa Iringa, mtu mrefu mwenye miguu myembamba, aliyetusalimia "kamwene" kila siku tukipita. Akaingia, akasema, "Mama, toka." Mama alikuwa amechuchumaa nyuma ya kiti, ameelekea ukutani. Akasema, "Sitoki."

"Mama, toka, utaniletea matatizo."

"Sitoki mpaka yule mzee aondoke."

"Mzee gani?"

Hakuelewa. Angeelewaje? Kwao hawana mambo haya. Mimi ndiye niliyemvuta babu shati nikamnong'oneza. Babu alisimama kidogo, halafu akageuka akaupa mlango mgongo, akavuta kofia hadi kwenye pua, akakohoa kile kikohozi chake mara tatu kwa nguvu. Mama akatoka mbio kwa upande wa pili. Lakini jina lake lilikuwa tayari limeandikwa. Alishitakiwa kwa kuingia mahali pasipo ruhusa na kumkaidi askari.

Faini haikuwa kubwa. Baba alitaka ailipe siku ileile yaishe. Tatizo lilikuwa hospitali. Mkuu wa wakunga alituma ujumbe mfupi kwamba mwenye hatia mahakamani hachukuliwi, na kulipa faini ilikuwa ni kukubali hatia. Mama aliusoma ule ujumbe mara mbili, akaukunja, akautia ndani ya mfuko wake wa daftari. Nilimwona. Jioni ile maharage yaliungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Uchungu zaidi ni kwamba babu alikuwa amesafiri kuja kulitoa lile neno kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa amekubali. Alifikia kwa jirani, nyumba iliyotazamana na yetu, nami nikawa navuka barabara na bakuli mikononi kutwa nzima. Asubuhi babu ananituma: mwambie mama yako nimekubali asome. Mama ananirudisha: mwambie tata ndaga fijo, asante sana, ila sijui kama watanichukua. Babu: mwambie asilie. Mama: mwambie silii, ni vitunguu. Nilichoka miguu, lakini nani angekubali kuiachia kazi ile?

Majirani walileta ushauri, na wote ulikuwa mmoja. "Mwambie hakimu hujui kusoma," walisema. "Sema uliona mlango tu. Mshamba haadhibiwi." Baba naye akaushikilia ushauri huo. "Mke wangu, ni neno moja tu. Sema hujui kusoma, turudi nyumbani."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta, na pumba zikamjaa baba usoni.

Siku ya kesi nusu ya soko ilihamia kwenye Boma, ilipokuwa mahakama. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuingia, kwa hiyo nikapanda juu ya jiwe chini ya dirisha la pembeni, na nakuhakikishia hakuna aliyekaa mahali pazuri kuliko mimi. Hakimu alikuwa Mzungu mwembamba mwenye mafua, na kila baada ya sentensi mbili alipenga. Mbele yake kulikuwa na meza kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kijani kilichoning'inia mpaka chini. Kwa kweli ile meza ilitutisha kuliko yeye.

Inspekta wa polisi akaanza. Mkalimani akawa anatafsiri.

"Uliona kibao juu ya mlango?"

"Niliona," akasema mama.

"Unajua kusoma?"

Baba alifumba macho. Mama akanyoosha shingo.

"Najua. Nilikisoma, ndipo nikaingia."

Mahakama nzima ikaguna. Kuna mwanamke nyuma yangu aliyesema, "Basi, amekwisha." Nikaushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Hakimu akapenga. "Kwa nini uliingia ilhali ulikuwa umekisoma?"

"Kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa anashuka kwenye basi. Kati ya kibao na baba mkwe, ningemheshimu nani?"

Mkalimani alipotafsiri, hakimu akaacha kuandika. Akauliza maswali mengi kuhusu hiyo desturi, na inspekta akasema hayo ni maneno ya kujitetea tu, hakuna desturi ya namna hiyo. Hakimu akasema, sawa, mzee mwenyewe aitwe.

Babu akaitwa. Akafika mpaka nje ya mlango, akasimama.

"Ingia, mzee," akasema mkalimani.

"Siwezi. Mkwe wangu yumo humo."

"Hakimu anakuita!"

"Nimesikia. Basi yeye atoke kwanza."

"Mshitakiwa hawezi kutoka kwenye kesi yake!"

"Basi na mimi siwezi kuingia," akasema babu, akaketi kwenye ngazi kama mtu mwenye siku nzima ya kupumzika.

Watu wakaanza kucheka. Hakimu akagonga meza. Inspekta akawa mwekundu. Mkalimani, Mungu ampe raha huko aliko, akainama akamnong'oneza hakimu, na hakimu akamtazama, akaitazama meza yake, akapenga, akasema neno moja. Wakaondoa vitabu na wino. Wakakivuta kile kitambaa cha kijani, meza ikabaki uchi. Kumbe ile meza tuliyoiogopa ilikuwa mbao za masanduku ya chai, na mguu mmoja umechomekwa gazeti! Baba, fundi, alishindwa kujizuia, akatikisa kichwa kwa huruma.

Askari wawili wakakishika kitambaa kikawa pazia katikati ya chumba. Mmoja wao alikuwa yule yule Mhehe wetu, mikono juu, jasho linamtoka kwenye baridi ya Mbeya. Mama akabaki upande wa kulia, uso ukutani. Babu akaingia upande wa kushoto, akavua kofia. Kutoka dirishani kwangu niliwaona wote wawili, na nadhani ni mimi na hakimu tu tuliowaona hivyo, wamesimama hatua tatu mmoja kutoka kwa mwenzake.

Babu akaeleza desturi kwa utulivu. Hakimu akamsikiliza, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwenzake, "Kwa hiyo, mzee, nanyi mna vibao vyenu? Nanyi mnakatazana pa kuingia?"

Babu akaibana kofia yake kwapani.

"Bwana Hakimu," akasema babu, "sisi hii kitu yetu haina kibao. Huyu akinisikia nakuja, anaacha njia. Lakini na mimi nikisikia sauti yake kisimani, naacha njia. Nazunguka mbali, na magoti yangu haya. Nikifika kwa mwanangu nakohoa kutoka mbali ili yeye asipate taabu. Kila mtu anasumbuka kwa ajili ya mwenzake. Sasa na mimi naomba kuuliza. Hawa wenye ile chumba, wao wanasumbuka lini kwa ajili yetu? Mvua ikinyesha, nani anatoka nani anaingia?"

Mkalimani alisita. Hakimu akamwambia atafsiri yote. Akatafsiri yote.

Hakimu akakaa akiutazama ule mguu wa meza wenye gazeti. Halafu akamgeukia inspekta, akamwomba amwonyeshe sheria inayokitaja kile kibao. Inspekta akafungua kitabu. Akafunua huku, akafunua kule, akalowesha kidole, akafunua tena. Mhehe wetu akaomba kwa macho wafanye haraka. Hakikuonekana kitu. Kibao kile, tulichokipisha miaka yote, kilikuwa kimefungwa na mtu tu, kwa bisibisi yake.

Mkalimani akatusomea uamuzi, na maneno yake nayakumbuka kama sala. Sheria inasema mwenye kosa ni yule anayeingia mahali kwa nia ya kutenda uovu, kutukana au kuudhi. Mwanamke huyu aliingia kwa nia ya kuheshimu. Na alitoka mara tu njia ilipokuwa wazi. Hana hatia.

Vigelegele vilivyopigwa Boma siku hiyo! Mimi nilianguka kutoka kwenye lile jiwe, alama ya goti ninayo hadi leo. Askari akakiachia kitambaa, mama akapiga yowe, babu akajifunika uso kwa kofia akakimbilia mlangoni akijigonga kwenye viti. Mahakama ikacheka mpaka hakimu akacheka, akapaliwa na mafua yake.

Sasa utasema kibao kiliondolewa kesho yake. Wapi! Hakimu hakusema lolote juu ya kibao, na karani akakiacha pale pale. Lakini mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, tazama ilivyokuwa. Mama mmoja wa Kinyakyusa akaingia kwenye kile chumba, kalowa, akaketi karibu na moto.

"Unafanya nini humu?" karani akamuuliza.

"Namkwepa mkwe."

Karani akakumbuka Boma, akarudi kwenye tiketi zake. Siku iliyofuata wakaingia watatu. Wiki iliyofuata wakaingia Wasafwa, wakaingia Wabena, ambao mambo hayo wala hawayajui. Waliingia wasichana ambao hawajachumbiwa. Kuna bibi muuza viazi, ambaye baba mkwe wake alikuwa kaburini miaka mingi, aliingia na kikapu chake chote, akavua viatu, akainyoosha miguu motoni. Alipoulizwa akasema, "Wafu wetu wanatembea sana wakati wa mvua." Hata wanaume wakaanza kukwepa wakwe zao. Mji mzima ulishikwa na adabu ambayo haijawahi kuonekana.

Karani akachoka. Asubuhi moja tukiwa tunapokea ndizi tukamwona juu ya ngazi ya baba, ameazima, anafungua skrubu. Yalibaki matundu manne.

Mwezi wa kwanza mama akaenda kusoma na mfuko wake. Alizalisha watu wa Mbeya mpaka nywele zikawa nyeupe. Wengine ni wakubwa sasa, wenye vitambi, na nikiwaona kwenye mikutano nasema kimoyomoyo, wewe ulishikwa miguu na mama yangu.

Basi hivyo vitu viwili vyote vimekwisha. Kibao sikililii hata chozi moja. Ile desturi nyingine sijui niseme nini. Kwenye ule ubatizo mke wa mjukuu wangu alikaa meza moja na baba mkwe wake, wanagombania paja la kuku, wanapigana picha za simu. Wanapendana, naona, na mimi nilicheka pamoja nao. Lakini nilikumbuka kikohozi cha babu kwenye kona, mzee wa watu anavyozunguka mbali na magoti mabovu ili mtoto wa wenzake asipate taabu. Sijui siku hizi nani anamkoholea nani.

Babu aliugua nikiwa tayari msichana mkubwa, akalazwa hospitali ile ile ya mama. Wakatundika shuka kati yao. Mama akamuuguza majuma matatu kwa kupitisha mkono tu kando ya shuka, kikombe, dawa, kitambaa cha maji, na babu alikuwa akiushika ule mkono na kusema ndaga. Alipofariki, wazee wa ukoo wakamruhusu mama apite upande wa pili akamuage. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakuwa analia kama nilivyotarajia. Alinijia moja kwa moja pale barazani, akanishika mashavu kwa mikono yake yote miwili, akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Miaka yote hii, kila asubuhi, nilikuwa naosha uso wake kabla hujaenda shule."